Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kurefusha Mbio

Anayeanza kukimbia jijini Dar es Salaam, hasa kupitia vikundi vya jogging vya mitaani, hufika siku ambayo pumzi haimkatiki tena, naye huamua kuacha kupokezana kukimbia na kutembea ili akimbie mfululizo kwa nusu saa, kisha saa nzima. Kabla ya kuamua hivyo, hakikisha haya yametimia.

Pima presha na sukari, hasa ikiwa umepita miaka 40 au ukoo wenu una ugonjwa wa moyo. Kunywa maji mapema, si kwa mkupuo ukiwa mlangoni. Usikimbie ukiwa umetoka kula chapati na supu. Ndizi moja na chai vinatosha. Kimbia upande wa kulia wa barabara ili magari na bodaboda zije zikikukabili, na usizibe masikio kwa muziki.

Raba za mitumba hazina ubaya, mradi uzikague kabla ya kulipa. Geuza soli uitazame: ikiwa imelika upande mmoja, ilishazoea mwendo wa mtu mwingine na itaupinda mguu wako. Bonyeza pia ubavu wa soli kwa dole gumba. Ukiona umekuwa mgumu na wenye mikunjo, irudishe mezani hata kama sehemu ya juu inang'aa.

Wengi hurefusha mbio wakilenga Kilimanjaro Marathon, ambayo kwa kawaida hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari, na hivyo miezi mikubwa ya mazoezi huangukia wakati wa joto kali la Pwani. Unyevu ukiwa mwingi hewani, jasho hutiririka bila kukauka, na kukauka kwake ndiko kunakoupoza mwili. Toka alfajiri, punguza kasi hadi uweze kutamka sentensi nzima bila kuhema, na ukihisi kizunguzungu au baridi ya ghafla, simama, tafuta kivuli na ujimwagie maji.

Sasa nisikilize kwa makini kuhusu ugoko. Katika kikundi chetu alikuwepo kijana fundi wa madirisha ya aluminiamu, mwenye nguvu na bidii, aliyeanza vizuri kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili. Baada ya wiki chache pumzi yake ilitulia, akaitupa ratiba na kuanza kukimbia kutoka Mwenge hadi Coco Beach na kurudi, karibu kila siku, kwa sababu alitaka kilomita 21 za Moshi mwaka uleule. Maumivu yalianza upande wa ndani wa ugoko, yakisambaa kama kukaza kwa misuli. Alikanda kwa dawa ya kuchua, kisha akawa anameza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kabla ya kukimbia. Maumivu yakakusanyika mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, yakaanza kumwamsha usiku. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu, naye akaichukulia kuwa ruhusa ya kuendelea. Picha ya pili, wiki kadhaa baadaye, ilionyesha ufa katika mfupa. Kilichoniuma zaidi si mbio alizokosa, bali kwamba fundi anayeishi kwa kupanda ngazi alikaa miezi bila kupanda ngazi, na nyumbani kwake kuna watoto.

Pumzi huimarika ndani ya wiki chache, lakini mfupa huchukua miezi. Mzigo mpya unapoulemea mfupa, mwili huanza kwa kumega sehemu iliyochoka na ndipo hujenga mpya, na katikati ya kazi hiyo mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Ndiyo maana kujisikia vizuri hakutoshi kuwa kipimo. Kimbia siku tatu kwa wiki, ukiacha siku ya kupumzika katikati. Refusha mbio moja tu kwa wiki, kwa dakika chache. Kila baada ya wiki tatu, punguza kwa wiki moja. Na kamwe usiongeze umbali na kasi kwa pamoja. Kutoka kutembea hadi dakika 30 mfululizo, jipe wiki 9 au zaidi. Mchanga wa ufukweni ulioinama kuelekea majini usiudhanie kuwa afadhali, kwa kuwa mguu mmoja hubeba zaidi.

Kila asubuhi pitisha kidole kwenye ugoko. Maumivu yaliyosambaa yanakutaka upunguze. Maumivu ya nukta moja, au yanayozidi ukirukaruka kwa mguu mmoja, yanakutaka usimame na umwone daktari, umweleze ni lini uliongeza umbali, na ukumbuke kwamba ufa mchanga mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya kwanza. Dawa ya maumivu kama diklofenaki haitibu ufa, na ukiwa umekaukiwa maji huweza kuziumiza figo.

Mwanamke ambaye hedhi yake imekatika tangu aongeze mazoezi asifurahie nafuu hiyo, kwani mara nyingi ni dalili kwamba hali chakula cha kutosha na mifupa yake inadhoofika. Aliyefunga Ramadhani akimbie kwa muda mfupi karibu na futari, au baada yake. Waage wa nyumbani na uwaambie njia utakayopita, usipite peke yako penye giza, na weka mfukoni namba ya simu ya ndugu pamoja na nauli, ili ukianza kuchechemea ukiwa mbali, upande daladala.