Ukitaka kuielewa dola ya vita, anza na chungu cha askari

Kwa miaka mingi nilifundisha dola za kivita kwa kuchora mishale ubaoni: jeshi hili limetokea huku, lile limezungukwa kule. Darasa lilichangamka kwelikweli. Kisha siku moja binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, watu wote hao walikuwa wanapika wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo naanza na swali lake, nawe ningekushauri uanzie hapohapo.

Mchukue askari mmoja wa kawaida, umuulize anakula nini na kwa gharama ya nani. Askari wa Kirumi alilala hema moja na wenzake saba, wakisaga nafaka yao wenyewe kwa jiwe, na mshahara wake ulikuwa sarafu. Sarafu inataka madini, na madini hayatoshi bila kodi. Ukishafika hapo, mwaka 193 hautakushangaza: walinzi wa mfalme walimuua mfalme mwenyewe, Pertinax, wakakinadi kiti chake kama mali ya mnada. Didius Julianus akakinunua, na miezi mitatu haikuisha kabla naye hajauawa. Mpanda farasi wa Genghis Khan hesabu yake ni nyingine kabisa. Alikuja na farasi kadhaa, nao walijilisha njiani. Kwa hiyo ukifungua ramani ya Wamongolia, tafuta malisho kabla ya kutafuta miji.

Swali la pili ndilo ninalolipenda zaidi: vita visipokuwepo, jeshi linafanya nini? Kwa Wazulu, vijana wa rika moja waliwekwa katika kikosi kimoja, wakakaa kwenye kambi za mfalme, wakichunga ng'ombe wake na kumlimia. Kuoa, mpaka mfalme atoe ruhusa. Wanafunzi wanakariri mkuki mfupi wa Shaka na kuiruka ruhusa hiyo, wakati ndiyo iliyompa mfalme nguvu kazi na kuamua nyumba mpya zianze lini. Mkuki ni chuma tu.

Tatu, picha za ushindi zitazame kama matangazo ya biashara. Mwaka 701 KK Senakeribu wa Ashuru aliuteka mji wa Lakishi, akauchonga kwenye kuta za jumba lake Ninawi. Mawe hayo sasa yako London, katika Makumbusho ya Uingereza. Usiishie kwa wapiga mishale. Shuka na jicho mpaka kwa familia zinazotoka mjini na mikokoteni ya ng'ombe, watoto wamekaa juu ya mizigo. Hao wanahamishwa wakalime na kujenga kwingine. Mgeni aliyesubiri kuonana na mfalme aliyaona hayo, na nadhani ujumbe ulimfika.

Mwisho uliza ushindi ukipungua nani anakataa kubadilika. Janisari, askari wa sultani wa dola ya Uthmaniya, walianza kama vijana waliochukuliwa kwa wazazi Wakristo, wakikatazwa kuoa. Baadaye wakaoa, wakafungua biashara, wakawaingiza watoto wao kikosini, na kila sultani aliyetaka jeshi jipya alipambana nao kwanza. Mwaka 1826 Mahmud wa Pili aliielekeza mizinga kwenye kambi yao wenyewe, mjini Istanbul.

Mishale ya ubaoni bado naichora, dakika kumi za mwisho.