Kuagiza filta ya redio ya VHF ya chombo: andika namba, si maneno

Redio ikisikika safi kwenye Mkondo wa Pemba lakini inakoroma chombo kikisogelea minara ya FM ya mjini, zima kwanza taa za LED na chaja, kisha kagua waya wa antena. Kelele iliyomo ndani ya masafa ya redio yenyewe, filta (kichujio cha mawimbi) haiitoi. Ikithibitika kuwa FM ndiyo inayoielemea, ndipo uagize.

Masafa ya kupita: MHz 156 hadi 162.1. Humo imo chaneli 16 (156.8) na AIS, mfumo wa kutambua meli (161.975 na 162.025). Ya kuzuiwa: 87.5 hadi 108. Usiandike "ikate kwenye 150", maana kila fundi ataifahamu kwa namna yake. Taja kila ukingo na desibeli (dB) zake, yaani kipimo cha mawimbi kupungua.

Kiasi cha kuzuia hutokana na kipimo. Tuseme FM inafika kwenye plagi ya antena kwa -10 dBm (dB zikilinganishwa na miliwati moja) na redio inastahimili -45: pengo ni dB 35, ongeza 5 za akiba, andika "angalau 40". Kudai 80 ni kununua koili za bure, na kila koili inakula nguvu. Upotevu ndani ya masafa ya kupita usizidi dB 1. Hapo wati 25 za kurusha zinabaki kama 20, na hiyo inatosha.

Wengi hukosea kwenye kuyumba kwa kiwango ndani ya masafa ya kupita. Chebyshev (muundo wa filta unaoruhusu kuyumba huko) ya dB 0.5 huonekana rahisi, lakini SWR yake (kipimo cha nguvu inayorudi nyuma; 1 ndiyo bora) hufika karibu 2, nayo redio inayorusha haiipendi. Taka dB 0.1, SWR isiyozidi 1.4. Kwa namba hizi Chebyshev inahitaji oda ya 8, yaani koili na kapasita 8. Butterworth, muundo usioyumba, inahitaji 13, hata ukiikubalia dB 3 kwenye 156. Kisha kuna vipuri: kapasita na koili za ±5% zikikosea zote upande mmoja, ukingo unahama karibu MHz 8 na kuila chaneli 16. Agiza za ±2%, oda ya 9, ukingo kwenye 152.5.

Wati 25 kwenye omu 50 ni volti 50 kileleni, na antena ikikatika ni 100. Ndani ya filta huzidi. Kapasita ziwe za volti 500. Soketi ya antena ya SO-239 haizuii maji, kwa hiyo dai kasha lililozibwa dhidi ya chumvi.

Usipokee bila grafu ya MHz 80 hadi 170, iliyopimwa kwa omu 50 pande zote mbili, mara moja filta ikiwa baridi na mara moja ikiwa na joto la nyuzi 60.