Namna ya Kuzipima kwa Haki Tamthilia Mpya za Star Trek

Shabiki wa Star Trek, mfululizo wa tamthilia na filamu za Kimarekani kuhusu safari za anga za mbali, anaposikia kwamba tamthilia nyingine mpya inatayarishwa, mara nyingi hufurahi na kuingiwa na wasiwasi kwa wakati mmoja, kwa kuwa anatamani kuurudia ulimwengu alioupenda na papo hapo anachelea kwamba waliokabidhiwa ulimwengu huo watauvuruga. Wasiwasi huo haukuanza leo. Tamthilia ya kwanza ilirushwa kati ya mwaka 1966 na 1969, na The Next Generation ilipotangazwa kuwa itaanza mwaka 1987, walikuwapo mashabiki walioikataa kabla ya kuiona, wakidai kwamba hapawezi kuwa na Star Trek pasipo Kirk na Spock, wahusika wakuu wa ile ya kwanza. Mwongozo huu ni wa yule asiyetaka kususa wala kujilazimisha kupenda, bali anataka kufikia uamuzi ambao anaweza kuutetea mbele ya mashabiki wenzake.

Anza kwa kuyachambua malalamiko yako. Andika kila kinachokuudhi katika tamthilia mpya, kisha ujiulize kuhusu kila jambo: linaniudhi kwa sababu limebadilishwa, au kwa sababu limefanywa vibaya? Chukua mfano wa Waklingon, jamii ya viumbe wa sayari nyingine katika hadithi hizi. Filamu ya kwanza, ya mwaka 1979, iliwapa mapaji ya uso yenye matuta ambayo hawakuwa nayo katika tamthilia ya awali, na kwa miaka mingi hadithi yenyewe haikueleza sababu. Tamthilia ya Deep Space Nine ilipoligusa suala hilo mwaka 1996 ililifanyia mzaha tu, na maelezo kamili yakaja mwaka 2005 katika tamthilia ya Enterprise. Kwa hiyo anayewakataa Waklingon wasio na nywele wa msimu wa kwanza wa tamthilia ya Discovery kwa hoja kwamba wamebadilishwa anaitetea sura ambayo nayo ilikuwa badiliko. Lakini mtu huyohuyo akisema kwamba vinyago vile vizito viliwanyima waigizaji nafasi ya kuonyesha hisia usoni, na kwamba mazungumzo marefu ya Kiklingon yaliuchelewesha mwendo wa hadithi, hapo anazungumzia ufundi, na hoja yake inastahili kujibiwa. Ukimaliza zoezi hili, huenda orodha yako ikapungua, lakini yatakayobaki yatakuwa na uzito.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu zaidi, nayo ni kulinganisha mwanzo na mwanzo. Wengi wetu huichukua sehemu ya pili ya tamthilia mpya na kuiweka mbele ya kilele cha tamthilia ya zamani, ilhali zile za zamani nazo zilianza kwa kupapasa. Msimu wa kwanza wa The Next Generation una sehemu ambazo hata wapenzi wake huziruka, na mashabiki wengi hukubaliana kwamba ilikomaa kuanzia msimu wa tatu, Michael Piller aliposhika usukani wa uandishi. Deep Space Nine, iliyoanza mwaka 1993, ililaumiwa kwa sababu wahusika wake wanaishi katika kituo cha anga badala ya kusafiri kwa chombo. Leo kuna mashabiki wanaoitaja kuwa bora kuliko zote, hasa kwa simulizi yake ndefu ya vita dhidi ya Dominion, dola adui katika hadithi hiyo.

Hata hivyo, usiikubali haraka ile nasaha ya kwamba subiri msimu wa tatu, kwa maana hesabu zimebadilika. The Next Generation ilikuwa na sehemu 48 kabla ya msimu wake wa tatu kuanza, na kati ya mwaka 1987 na 1994 ilifikisha sehemu 178. Discovery, iliyodumu pia miaka saba, kuanzia 2017 hadi 2024, ilitoa sehemu 65 tu. Katika msimu wa sehemu 26, hadithi mbili dhaifu husahaulika. Katika msimu wa sehemu kumi, mbili ni moja ya tano ya kila ulichosubiri kwa mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo uvumilivu wako uhesabu kwa sehemu ulizotazama, si kwa misimu iliyopita. Kwa upande mwingine, si mtazamaji aliyeamua misimu ifupishwe, na sioni kwa nini atakiwe kuwadai waandishi kidogo kuliko alivyowadai wale wa zamani.

Kipimo chenyewe kitegemee namna tamthilia inavyosimulia. Strange New Worlds, iliyoanza mwaka 2022, kwa kawaida hufunga kisa kimoja katika kila sehemu, hivyo sehemu tatu zisizofuatana zinatosha kukuonyesha kama mtaelewana. Discovery na Picard hutandaza kisa kimoja msimu mzima, na kuzihukumu kwa sehemu mbili ni sawa na kutohukumu kabisa. Ama utazame msimu wote au uache bila kutoa hukumu. Vionjo vya matangazo visihesabiwe katika kipimo hiki, kwani hutengenezwa na watu wa masoko kwa ajili ya kuvuta macho, na mara nyingi hukusanya milipuko yote ya msimu katika dakika mbili.

Jiulize pia tamthilia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Lower Decks ni katuni ya vichekesho kuhusu maofisa wa ngazi za chini, Prodigy ililenga watazamaji wachanga, na Starfleet Academy, iliyoanza Januari 2026, inahusu wanafunzi wa chuo katika karne ya 32. Hakuna shabiki anayewajibika kuzipenda zote.

Jambo likikuudhi, liseme, lakini liseme kwa namna inayoeleweka. Strange New Worlds yenyewe ilizaliwa baada ya watazamaji wa msimu wa pili wa Discovery, mwaka 2019, kumpenda Kapteni Pike aliyeigizwa na Anson Mount na kuomba apewe tamthilia yake. Waliokuwa wakiomba hivyo walikuwa wakitaja kitu mahususi walichokitaka, na nadhani ndiyo sababu walieleweka kuliko waliokuwa wakirudia tu kwamba Star Trek imekufa.

Na ukigundua kwamba unaipenda mojawapo, itazame mapema, na ununue diski zake zikipatikana. Prodigy iliondolewa katika jukwaa la kutazamia mtandaoni la Paramount+ mwaka 2023, wakati msimu wake wa pili ukiendelea kukamilishwa, ikabidi mashabiki wapige kelele hadi Netflix ilipoichukua na kuutoa msimu huo Julai 2024.