Kabla ya kompyuta, nionyeshe cheti cha kuzaliwa

Nina saiba hapa Tudor, Mombasa, si mbali na lango la TUM, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Kompyuta sita, mashine mbili za kopi. Matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, benchi la nje hujaa tangu asubuhi: vijana wa Kisauni, wa Likoni, wa Changamwe, na wengine wametoka Lunga Lunga kabla ya alfajiri. Swali ni lilelile. "Anti, nimepata B-, naweza kuingia TUM?" Sijibu. Kwanza naomba cheti cha kuzaliwa.

Kuna kijana wa Mishomoroni aliyenifundisha hilo. Cheti chake cha kuzaliwa kiliandikwa Mohamed, slipu ya matokeo Mohammed, na kitambulisho, kilichokuwa kimetoka wiki hiyohiyo, Muhammad. Kwetu sisi watu wa Pwani hilo ni jina moja, na mamake angeshangaa ukimwambia vingine. Kwa mashine hao ni watu watatu. Nafasi ya chuo aliipata vizuri, lakini alipofika kwenye mkopo kila kitu kikasimama, akakaa muhula mzima akila kwa rafiki huku akizunguka na mafaili.

Basi fanya hivi kabla hujafika kwangu au kwa mwingine yeyote. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, slipu ya matokeo, cheti cha kumaliza shule na kitambulisho. Soma kwa kidole, herufi baada ya herufi, jina la kwanza mpaka la babu. Angalia kama "bin" au "binti" imeandikwa huku na kuachwa kule. Angalia tarehe ya kuzaliwa. Kosa likiwa kwenye matokeo, anza na mwalimu mkuu wa shule uliyofanyia mtihani, yeye ndiye atakayekuelekeza KNEC, baraza la mitihani. Likiwa kwenye kitambulisho, rudi ofisi ya usajili. Wakili anaweza kukuandikia kiapo kwamba majina haya yote ni yako, na mara nyingi kiapo hicho husaidia huku marekebisho yakiendelea, lakini kisikufanye ukaacha kurekebisha. Na kama umeshatimiza miaka 18 na huna kitambulisho, nenda kesho. Usingoje barua ya chuo.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Nafasi za serikali hugawiwa na KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, kupitia tovuti yao. Unaingia kwa nambari yako ya KCSE, yaani mtihani wa kidato cha nne, na mwaka uliofanya, na nambari ya siri ya kuanzia huwa ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au ile ya KCPE, mtihani wa darasa la nane, kutegemea shule yako ilivyokusajili. Ukishaingia, badilisha nambari ya siri uweke yako, uiandike kwenye daftari lako. Barua pepe iwe yako. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako, si ya mjomba.

Hapa nasema na uchungu. Msichana mmoja wa Msambweni alifanyiwa maombi kwenye saiba moja mjini, na yule mhudumu akatumia barua pepe ya saiba kwa sababu ilikuwa haraka kuliko kumfungulia yake. Saiba ikafungwa. Babake alivuka feri mara tatu kumtafuta yule mhudumu. Nafasi ilikuwepo, jina lake liko kwenye orodha, lakini ujumbe wote ulikuwa unakwenda mahali asipoweza kufungua. Nami nimewahi kukosea: mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliandika tarakimu moja ya simu ya kijana vibaya, na hakupata ujumbe hata mmoja. Tangu siku hiyo simruhusu mtu kukaa kwenye benchi huku mimi namjazia. Avute kiti, akae kando yangu, aandike mwenyewe. Mimi ni wa kuonyesha tu pa kubonyeza.

Kuhusu kozi. Kwa shahada unahitaji gredi ya wastani ya C+ kwenda juu. Lakini wengi wanadhani ukishakuwa na C+ basi umeingia kozi yoyote. Kila kozi ina kundi lake la masomo manne, ndiyo hiyo wanayoiita klasta. Kila somo lina alama 12 za juu kabisa, kwa hivyo manne ni 48. Alama zako za hayo manne huchanganywa na jinsi ulivyofanya mtihani wote kwa jumla, ndipo unapata pointi za klasta. Ndiyo maana marafiki wawili wenye B- ileile wanaweza kuachana njia. Mmoja alipata B hisabati na fizikia, Kiswahili kikamwangusha. Huyo uhandisi bado unamwita. Mwenzake ana A- ya Kiswahili na D+ ya hisabati. Uhandisi hapo haupo, hata aombe vipi, na ni vyema ajue siku hiyo kuliko kupoteza chaguo.

Tovuti inakuonyesha pointi zako kwa kila klasta, na pia pointi ambazo mtu wa mwisho kuchukuliwa alikuwa nazo miaka iliyopita. Ziweke kando kwa kando. Hubadilika kila mwaka kulingana na walioomba, kwa hivyo zichukue kama dalili. Ninavyowashauri vijana wangu: chaguo la juu liwe ile kozi unayoitaka kwa moyo wote, hata kama pointi zinakupita kidogo. Chaguo la chini kabisa liwe moja ambayo umeizidi waziwazi na bado ungeweza kuamka asubuhi kwenda kuisoma. Makosa ninayoyaona kila mwaka ni kujaza machaguo yote uuguzi na udaktari, halafu kijana anabaki nje mikono mitupu.

Na usichague kozi kwa uzuri wa jina. Kama ni uhandisi, uliza kama kozi hiyo katika chuo hicho imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi, EBK. Taaluma nyingine nazo zina bodi zake. Miaka mitano ya uhandisi ni mingi sana kugundua mwishoni kwamba huwezi kusajiliwa.

Ukikosa raundi ya kwanza, kuna raundi ya marekebisho, na ukipata nafasi chuo cha mbali unaweza kuomba uhamisho kwenda chuo kingine mradi pointi zako zifike kule. Mwenye C- naye asikate tamaa, stashahada iko. Wazazi wengine huniuliza hiyo TUM ni ipi, nikiwaambia ni ile Poli nyuso zao zinafunguka. Wazee zaidi bado huiita MIOME, kwa kuwa ilianza kama Mombasa Institute of Muslim Education, chuo cha kuwafundisha vijana wa Kiislamu kazi za ufundi. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, 2007 chuo kikuu kishiriki, na 2013 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Asili hiyo ya ufundi haijafutika: stashahada bado zinafundishwa pale, na nimeona walioingia na stashahada wakaendelea mpaka shahada, wakiwa wameshika vyombo kabla wenzao hawajavigusa. Kenya Coast National Polytechnic nayo iko hapa hapa mjini.

Pesa. Baada ya kupata nafasi, unaomba ufadhili wa serikali kwenye tovuti ya HEF. Kuna ufadhili usiorudishwa na kuna mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ambao utaulipa ukianza kazi, pamoja na riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Soma vizuri kipi umepewa. Wengi hutia sahihi mkopo wakidhani yote ni msaada. Utaulizwa kuhusu nyumbani: wazazi, kazi zao, ndugu wangapi wako shule. Njoo na vitambulisho vya wazazi, au cheti cha kifo kama mzazi amefariki. Jibu ukweli, wala usione haya kuandika kwamba mama anauza viazi karai; ndiyo hali yenyewe na ndiyo wanayotaka kuijua. Basari ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, huombwa kwenye eneo bunge lako, si lile la chuo. Wa Jomvu aende Jomvu, wa Nyali aende Nyali. Karo yote ilipwe kwenye akaunti iliyoandikwa kwenye barua ya chuo. Mtu akikupigia kwamba umtumie elfu mbili kwa M-Pesa akushikie nafasi, huyo ni mwizi.

Barua ya kujiunga utaipakua mwenyewe kwenye tovuti ya chuo. Isome yote, mpaka fomu ya daktari mwishoni, maana lazima ijazwe na kupigwa muhuri hospitalini kabla ya siku ya kuripoti. Toa kopi tatu za kila karatasi na uje na zile asili pia.

Halafu nyumba. Vitanda vya hosteli havitoshi, kwa hivyo wengi hupanga nje. Mtoto wa bara akija kutafuta chumba huangalia rangi ya ukuta na bei. Mwanangu, uliza maji. Mji huu unaletewa maji kutoka mbali, mengine kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, na mifereji hukauka siku nyingi. Nyumba nyingi hutumia kisima. Kabla hujatoa shilingi ya amana, fungua bomba, kinga maji kwa kiganja, onja. Yakiwa na chumvi, sabuni haitoi povu, chai haina ladha, na utanunua maji ya kunywa na kupikia kwa mtungi kutoka kwa mikokoteni kila siku. Muulize mpangaji, usimuulize mwenye nyumba: "Mkokoteni unapita siku gani, na mtungi ni pesa ngapi?" Zidisha kwa mwezi, ujumlishe kwenye kodi. Chumba cha bei nafuu hapo mara nyingi kinakuwa ghali kuliko cha jirani. Angalia pia dirisha liko upande gani. Chumba kisichopitisha upepo, mwezi wa pili na wa tatu hutalala wala hutasoma.

Tudor na Makupa utatembea kwa miguu mpaka darasani. Kisauni na Bombolulu kodi hupungua, lakini utavuka Daraja la Nyali pamoja na mji mzima kila asubuhi. Likoni feri ni bure kwa anayetembea kwa miguu, ila siku ya mtihani toka nyumbani mapema kupita kiasi. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi mtaani hufungwa mchana. Usiyefunga, panga chakula chako tangu usiku, na magharibi jirani akikuita kwa mahamri na mbaazi, nenda. Ndivyo watu wanavyojuana hapa.

Masomo yenyewe walimu watakwambia. Langu ni moja: kila muhula usajili masomo yako kwenye mfumo wa chuo, uchapishe, uweke. Mwanafunzi anaweza kuhudhuria kila kipindi na bado akafika mlango wa mtihani jina halipo. Salio la karo nalo liangalie mapema, usingoje wiki ya mtihani.

Na ikitokea ugonjwa, mimba, msiba au karo imekwisha kabisa, usipotee kimya. Omba kuahirisha masomo kwa barua kabla muhula haujasonga, upate jibu la maandishi, ulihifadhi. Aliyeahirisha anarudi na nafasi yake. Aliyetoweka nimemwona akirudi baada ya miaka miwili akianza kuomba upya kama mgeni. Barua yenyewe ni ukurasa mmoja. Kwangu hiyo naiandika na kuichapisha bure, hata kama benchi limejaa.