Somo: Kulinganisha mtarakwa na laikeni ya mwambani

Wengi huanza na urefu: mtarakwa (Juniperus procera) hufikia hata mita 40, laikeni, ule ukoko wa rangi juu ya mawe, imebandikana na jiwe. Urefu haukufikishi mbali. Anza na maji.

Pahali pazuri ni njia ya Sirimon, Mlima Kenya. Mitarakwa iko karibu na geti. Kwenye miamba ya juu utaikuta laikeni iitwayo Rhizocarpon geographicum, ya manjano inayoelekea kijani, imegawanywa na mistari myeusi mfano wa ramani.

Hatua ya 1. Tazama kila kimoja kinavyopata maji. Mtarakwa huyavuta udongoni kwa mizizi, na majani yake ya magamba hulala juu ya kijiti ili yasipoteze maji ovyo. (Mche wake una majani ya sindano, usidhani ni mti mwingine.) Laikeni haina mzizi. Hunywa mvua, umande na ukungu kwa mwili mzima. Jua likiwaka hukauka kabisa, kazi zote husimama, na bado haifi.

Hatua ya 2. Tafuta laikeni ya kijivu yenye umbo la majani, uidondoshee maji. Subiri kidogo. Inageuka kijani mbele ya macho yako, kwa sababu ngozi ya kuvu imeloa na mwani ulio ndani umeonekana. Hiki ndicho kiini cha somo lote: mtarakwa ni kiumbe kimoja, laikeni ni ushirika. Kuvu hushika jiwe na maji, mwani hutengeneza sukari kwa mwanga.

Hatua ya 3. Uzazi. Koni za mtarakwa jike ni za mviringo, buluu iliyokolea. Ndege huzila na kueneza mbegu. Kwenye Rhizocarpon, vidoa vyeusi ndimo kuvu hutengeneza spora (chembe zake za uzazi), na spora ikitua lazima ikutane na mwani.

Usibandue kitu, piga picha.

Maswali ya wanachama

*Zile ndevu za kijani kwenye matawi ya mtarakwa zinaunyonya mti?*
Hapana. Nazo ni laikeni, Usnea. Zimeshikilia tu.

*Umri wa jiwe unajulikana kwa laikeni?*
Kwa makadirio, unapata muda tangu uso wa jiwe ulipoachwa wazi, si umri wa jiwe lenyewe: unapima upana wa laikeni. Mwanabotania Roland Beschel alieleza njia hiyo mwaka 1950. Rhizocarpon hukua chini ya milimita 1 kwa mwaka, lakini kwanza upate kasi ya ukuaji ya mahali hapo kutoka jiwe lenye tarehe inayojulikana.

*Na umri wa mtarakwa, tuhesabu pete za ndani ya shina?*
Kwa tahadhari. Penye misimu miwili ya mvua, mwaka mmoja unaweza kuacha pete mbili.