Jaketi ya theluji kwenye kaguwa ya Goma: kuipima na kuivalia

Jaketi za kuteleza kwenye theluji hufika Goma, mashariki mwa Kongo, ndani ya marobota ya kaguwa (mitumba), na hapa zinapewa kazi nyingine: mvua, upepo wa pikipiki, baridi ya milima ya Masisi. Kuna zilizojazwa kama godoro na kuna ganda tupu la kuzuia maji na upepo. Chukua ganda. Mji uko kama mita 1,500 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka takriban digrii 6. Ganda lilelile litakufaa kote, ukibadilisha cha ndani tu. Iliyojazwa manyoya ndiyo mbaya zaidi kwetu: ikilowa hushikana mabonge na joto linakwisha.

Ipindue kabla ya kuuliza bei. Mishono ya ndani iwe imezibwa kwa utepe. Ulipobanduka, maji hupita kwenye matundu ya sindano. Upande wa ndani ukinata au ukidondosha magamba meupe, utando wa kuzuia maji umekufa na hakuna fundi wa kuurudisha. Hapo ndipo wengi hupoteza pesa, maana kwa nje jaketi bado inang'aa. Namba 10,000 kwenye lebo ni milimita za maji ambazo kitambaa kilistahimili kikiwa kipya, basi usiinunue kwa namba peke yake.

Ijaribu ukiwa umevaa sweta, mikono mbele kama umeshika usukani wa pikipiki. Viganja vikibaki wazi hadi juu ya kifundo cha mkono, ni ndogo. Mkanda wa mpira ulio ndani kiunoni huwazuilia watelezaji theluji isiingie ndani wanapoanguka. Usiukate, motari (dereva wa pikipiki) atauhitaji kuzuia upepo.

Kwenye ngozi vaa fulana ya poliesta au ya sufu. Ya pamba hufyonza jasho, na ukisimama tu baridi inakuingia. Manyunyu ya mchana mjini: fulana na ganda, basi. Pikipiki usiku: ongeza sweta ya polari (kitambaa laini chenye manyoyamanyoya) katikati. Ukipanda mlima kwa miguu, vua polari kabla jasho halijaanza, ufungue zipu za kwapani. Ukifika juu, ivae upesi mwili ungali na joto.

Fua kwa maji vuguvugu, bila javeli (dawa ya kung'arisha nguo) wala dawa ya kulainisha nguo, na suuza mara tatu: sabuni iliyobaki huvuta maji. Anika kivulini.