Kufufua Pawatila Iliyolala: Anza na Oili Kabla ya Kukimbilia Spea

Ukipita vijiji vya Usangu, mkoani Mbeya, kuanzia Igurusi hadi Ubaruku, hutakosa kuona pawatila, trekta ndogo ya magurudumu mawili inayoongozwa kwa mikono, imeegeshwa chini ya mwembe, matairi yamekaa chini, kuku wametagia kwenye tela. Nyingi ziliingia baada ya Kilimo Kwanza, kaulimbiu ya serikali ya kukuza kilimo, kutangazwa mwaka 2009. Zikavuruga majaruba (vipande vya shamba la mpunga), zikabeba mpunga, matofali na kuni, kisha siku moja zikagoma na mwenyewe akarudi kukodi ya jirani.

Nimezifungua kadhaa kwa mikono yangu, na ninachokiona ni kilekile: matope huua gia boksi, vumbi huua injini. Uzee unasingiziwa tu. Mashine iliyokufa kwa matope na vumbi inafufuka, tena hapo hapo nyumbani, ukiwa na spana, nyundo, mafuta ya taa ya kuoshea, turubai safi na fundi wa kukereza aliye mjini. Inataka ufuate mpangilio.

Baba yangu mdogo hakuufuata. Aliuza mpunga, akanunua pistoni, ringi na slivu mpya (bomba la chuma ambamo pistoni hutembea), akafunga. Injini ikawaka vizuri, watu wakapiga makofi. Siku ya tatu jarubani gia boksi ikaanza kusaga, jioni ikakamata kabisa. Maji yalikuwa yamekaa humo ndani misimu miwili, na hakuna aliyefungua nati ya chini kuangalia. Fedha yote ilikuwa imekwenda kwenye injini, ya gia haikubaki.

Kwa hiyo kazi hii ianze Agosti, mpunga ukiwa umeshauzwa na mvua iko mbali. Anayefungua mashine Desemba, wakati majirani wanavuruga, atafunga haraka haraka na atafunga vibaya.

Siku ya kwanza usifungue kitu chochote zaidi ya nati mbili: ya kumwagia oili ya injini na ya kumwagia oili ya gia boksi. Weka chupa tupu, safi, ya maji ya kunywa chini ya kila tundu. Legeza nati taratibu na utazame vijiko vya kwanza vinavyotoka. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, kwa hiyo yakiwemo ndiyo yatakayotangulia. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo kwa kuzungushwa. Acha chupa zilale hadi asubuhi, kisha pitisha sumaku ya spika bovu kwenye masalia ya chini. Unga mwembamba wa chuma kama vumbi ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole ni jino la gia au beringi iliyovunjika, na hapo ujue gia boksi lazima ifunguliwe yote.

Kisha osha mashine nzima kwa brashi na mafuta ya taa (petroli usiisogeze, mvuke wake unawaka kwa cheche moja) utafute nyufa. Kama bloku ya injini au ganda la gia boksi limepasuka, mimi ningeshauri uiuze kwa spea. Welda wa kuunganisha chuma cha kuyeyusha kwa uhakika si wa kila kijiji, na gia zikishahama mstari hata kidogo zitakula beringi mpya kila msimu. Bloku na ganda vikiwa vizima, kinachobaki chote kinarekebishika.

Mashine haizunguki? Toa mikanda kwanza. Watu wengi husema injini imekamata kumbe ni gia boksi, au kinyume chake. Mikanda ikishatoka, zungusha flaiwili (gurudumu zito la pembeni ya injini) na puli ya gia boksi kila kimoja peke yake, utajua aliyekwama ni nani.

Kama ni injini, mara nyingi chanzo ni silensa iliyoachwa wazi mvua ikanyesha. Maji yanateremka, yanapita valvu iliyobaki wazi, ringi zinashikana na slivu kwa kutu. Wala usifunge bomba refu kwenye nati ya flaiwili mkavuta watu wanne, na usiivute kwa gari. Ringi zitavunjika na kuchana slivu ambayo pengine ilikuwa nzima. Toa nozo (kinyunyizio cha dizeli), mimina mchanganyiko wa oili na dizeli nusu kwa nusu. Shida ni kwamba injini hizi pistoni yake imelala, hivyo mafuta hukaa upande wa chini peke yake. Kwa hiyo kabla ya kuumimina, tunamwaga kwanza dizeli ya tanki, maji ya kupoozea na oili ya injini, kisha tunaifungua kutoka kwenye fremu na kuisimamisha, kichwa juu, watu watatu au wanne maana inakaribia kilo 140. Iache siku tatu. Kila asubuhi tikisa flaiwili mbele na nyuma kwa mikono, usilazimishe. Itakapoachia utasikia mlio mdogo kama kufuli linalofunguka.

Sasa pima kompresheni. Rudisha nozo, usiguse kishikio cha kupunguzia kompresheni, zungusha flaiwili hadi ikatae, kisha iachie. Injini nzima hurudisha flaiwili nyuma kwa kudunda, kama mpira. Ikipita bila kudunda huku unasikia pumzi, tia kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda na urudie. Ikidunda, shida ni ringi na slivu. Isipobadilika, angalia valvu na gasketi ya kichwa. Kwa jaribio hilo moja nimeshaokoa watu kununua pistoni ambazo hawakuzihitaji, valvu zikasuguliwa kwa unga wa kusagia na kazi ikaisha.

Ukifika wakati wa kununua spea, soma kwanza kibao cha injini. Nyingi ya pawatila zetu zina S195 au zinazofanana nayo. Namba hiyo inasema yenyewe: 1 ni silinda moja, 95 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Ziko pia S1100 na S1110, ambazo ni milimita 100 na 110. Kwa macho zinafanana, na dukani utapewa isiyo yako kwa nia njema kabisa. Nenda na pistoni ya zamani mfukoni.

Ukitoa slivu, tazama zile ringi mbili za mpira zilizo chini yake. Ndizo zinazozuia maji ya kupoozea yasishuke kwenye oili. Zikikauka na kuwa ngumu kama plastiki, zibadilishe hata kama hazijakatika, na kwangua kutu mahali zinapokaa. Valvu, kwa S195, huachiwa nafasi ya milimita 0.35 ya kuingiza na 0.45 ya kutoa, injini ikiwa baridi, ukipima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Ukikadiria kwa jicho utapata injini inayogonga au isiyowaka.

Upande wa dizeli kazi ni usafi. Tanki litolewe, lioshwe, likaushwe juani. Filta iwe mpya. Kisha toa upepo: legeza nati kwenye pampu mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza, halafu legeza nati ya bomba linaloingia kwenye nozo, zungusha injini hadi iruke dizeli tupu, kaza. Nozo ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Inafunguka kwa msukumo wa kilo 125 hivi kwa kila sentimita ya mraba, wakati tairi la lori halifiki hata kilo 10. Usiweke kidole mbele ya nozo inayonyunyiza, hata kwa mchezo. Dizeli hiyo inapenya ngozi na kuingia mwilini, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Akipigwa, apelekwe hospitali saa ileile hata kama tundu ni dogo kama la sindano na haliumi.

Kuhusu kisafisha hewa nina uchungu nacho. Kati ya pawatila nilizozikuta zimechoka injini, nyingi hazikuwa na oili ndani ya kikombe cha kisafisha hewa, na nyingine kikombe chenyewe kilishatupwa. Mashine inamaliza jarubani, inafungwa tela, inaingia barabara ya vumbi Juni nzima kubeba magunia, kila pumzi inayovuta ina mchanga. Mchanga na oili ndani ya silinda ni unga wa kusagia. Slivu uliyoinunua leo haitavuka msimu wa pili. Tafuta kikombe, tia oili mpaka kwenye alama, usizidishe, na msimu wa vumbi ikague kila siku.

Tuje kwenye gia boksi, ndipo fedha nyingi hupotelea. Maji hayaingii kwa juu. Yanaingia kupitia sili (mipira ya kuzuia oili na maji) za ekseli na za shafti ya rotari, yaani visu vya kuvurugia, kwa sababu jarubani sehemu hizo zinazunguka ndani ya uji wa matope saa nzima. Fundi atakuambia: "Mzee, tubadilishe sili tu." Badilisha, lakini kabla ya hapo safisha shafti mahali sili inapokaa, upitishe ukucha wa kidole gumba kwa urefu wake. Ukucha ukikwama kwenye kijimfereji, sili mpya haitafanya kazi. Mdomo wake utakaa juu ya mfereji uleule na maji yatapita chini yake kama zamani. Mfereji ukiwa mdogo, kandamiza sili mpya milimita 2 au 3 pembeni ya ilipokaa ya zamani, kama nyumba yake ina nafasi, ili mdomo ushike chuma ambacho hakijaliwa. Ukiwa mkubwa, shafti iende kwa fundi wa kukereza ijaziwe chuma na kukerezwa upya.

Sili ina upande. Mdomo wenye springi unatazama ndani, kwenye oili. Upake grisi kabla ya kuuvusha juu ya shafti, na funika meno ya shafti kwa kipande cha nailoni ili yasiukate. Nimeona sili mpya ikivuja siku ya kwanza kwa sababu ya mchano wa urefu wa punje ya mchele.

Beringi zioshwe, zikaushwe, zizungushwe karibu na sikio. Inayokwaruza itoke. Gia oili namba 90 itiwe mpaka kwenye kipimo. Mikanda ibadilishwe yote pamoja, maana mpya mmoja kati ya mikuukuu hubeba mzigo peke yake na kukatika. Visu vya rotari viko vya kushoto na vya kulia. Vipange kama vilivyokuwa, piga picha kwa simu kabla ya kuvitoa.

Siku ya kuwasha, jambo la kwanza ni ile oili uliyomimina ndani ya silinda. Toa nozo na uzungushe injini mara nyingi ili oili iliyobaki irukie nje. Ukiiacha, injini inaweza kuwaka kwa oili hiyo na kukimbia yenyewe, mbio zinapanda na hata ukifunga dizeli haisimami. Kwa hiyo andaa kipande cha ubao kinachofunika mdomo wa kuingizia hewa, na mtu mmoja akishike tayari. Kitambaa kitavutwa ndani, na kiganja usithubutu. Ikinyimwa hewa inazima.

Shika hendeli ya kuwashia kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, ili injini ikirudi nyuma isikivunje. Ikiwaka tu, macho yaende kwenye kile kiashiria chekundu cha oili juu ya injini. Kisipopanda, zima mara moja. Kama ringi ni mpya, iendeshe kwa kazi nyepesi saa 30 za mwanzo, kisha badilisha oili. Maji ya kupoozea yawe safi, si ya mfereji wenye tope. Yakipungua injini ikiwa inachemka, usimimine ya baridi. Isubiri ipoe kwanza, la sivyo kichwa kitapasuka.

Ukiijaribu barabarani, mfundishe kila atakayeiendesha jambo hili, hasa vijana. Tambarare ukibana kishikio cha kugeuzia cha kushoto, gurudumu la kushoto linakatiwa nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, mashine inakata kushoto. Kwenye mteremko mkali mambo yanageuka: sasa injini ndiyo inayozuia magurudumu, na lile la kushoto ukiliachia linakimbia huru, mashine inakata kulia. Mtu aliyezoea tambarare anajikuta mtaroni na tela limemfuata juu. Teremka na gia ndogo uliyoiweka kabla ya kufika mteremkoni, usitie nyutro, na geuza kwa kusukuma mikono yenyewe bila kugusa vishikio.

Jarubani, baada ya nusu saa ya kwanza simama, gusa ganda la gia boksi karibu na kila beringi. Uvuguvugu ni sawa. Mahali panapokuchoma mkono peke yake pana beringi iliyobanwa au isiyopata oili. Na baada ya wiki moja ya kuvuruga, kabla hujaipeleka shamba la mtu mwingine, iache ilale usiku kucha, kisha asubuhi rudi na ile chupa yako chini ya nati ya gia boksi. Legeza kidogo tu. Tone la kwanza likiwa oili, kaza na uendelee na msimu. Likiwa maji, ng'oa sili siku hiyohiyo.